Jinsi ya kuwaona nondo wadogo wa mchana kwenye maua ya majira ya kuchipua

Ukitaja nondo, wengi wetu tunakumbuka taa ya barazani na mdudu wa kahawia anayejigonga kwenye balbu usiku kucha. Hao wapo. Lakini hapa Uingereza, ambako zimeorodheshwa aina zaidi ya 2,500 za nondo dhidi ya aina 60 hivi za vipepeo, wako nondo wasio na habari na taa. Hutoka jua likishapanda, wakashinda juu ya maua wakila na kupandana, na jioni hupotea. Kinachowaficha ni udogo tu: wengi wana urefu wa milimita 4 hadi 8.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu mlioko Uingereza, mwenye kibustani nyuma ya nyumba na asiye nacho. Aina nyingi nitakazozitaja zinapatikana pia Ujerumani, Uholanzi na Skandinavia, kwa hiyo huko nako utafaa, ila kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo msimu unavyochelewa. Nyumbani Afrika Mashariki tuna nondo wetu wa mchana, akiwemo Chrysiridia croesus wa pwani ya Kenya na Tanzania, mkubwa na mwenye rangi za kung'aa kiasi kwamba karibu kila anayemwona humwita kipepeo. Yule hahitaji mwongozo, anajionyesha mwenyewe. Hawa wa hapa ndio wenye kazi.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba wengi wao wana ua lao. Anayetafuta nondo huzunguka bustani nzima na kutoka kapa. Anayelijua ua huenda moja kwa moja, akapiga magoti, akaona. Ndiyo maana hatua ya pili hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya kwanza: siku na saa

Msimu mzuri ni kuanzia wiki za mwisho za Aprili hadi katikati ya Juni, na Mei ndiyo kilele. Chagua siku yenye jua la kweli na joto la sentigredi 15 au zaidi, kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Mvua ya jana si tatizo. Tatizo ni upepo, kwa sababu ua likitikisika wewe huoni kitu na wao hushuka kujificha kwenye majani. Wingu likipita, usiondoke: subiri dakika kumi, jua likirudi nao hurudi.

Hatua ya pili: ua gani

Anza na Ranunculus. Ni yale maua madogo ya njano yenye petali tano zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, yanayoota kwenye nyasi zisizokatwa, kando ya njia na makaburini. Majirani watakuambia ni buttercup. Hili ndilo ua la mwanafunzi, kwa kuwa liko kila mahali, liko wazi juu, na mgeni wake mkuu hana mbio.

Mgeni huyo ni Micropterix calthella. Ana urefu wa milimita 4 au 5, mabawa ya rangi ya dhahabu iliyoiva yanayogeuka zambarau penye bega, na kichwa chenye manyoya ya rangi ya kutu. Mara nyingi hakai peke yake. Unaweza kukuta watano au zaidi kwenye ua moja, wengine wawili wawili wameungana mikiani, wengine wameinamisha vichwa katikati ya stameni, vile vijiti vya katikati ya ua vyenye chavua. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini, maana anachokifanya ni cha ajabu. Nondo na vipepeo karibu wote tunaowajua wana mrija wa kufyonzea, unaojikunja chini ya kichwa. Huyu hana mrija. Ana mataya ya kutafunia, na anakula chavua yenyewe. Kwa viungo vidogo vya mdomoni huzikokota punje za njano hadi kwenye mataya na kuzisaga. Ukoo wake, Micropterigidae, ulijitenga na nondo wengine zamani mno, na unahesabiwa miongoni mwa koo za kale kabisa za nondo zilizobaki duniani. Viwavi wake wanaishi chini, kwenye udongo na kuvumwani mahali penye unyevu, na ni shida kuwaona. Kwa hiyo ua la njano ndilo mlango wako rahisi wa kuufikia ukoo huu.

Ukikuta mwenzake mwenye mistari myeupe ya fedha iliyokata mabawa, huyo ni dume wa Micropterix aruncella. Majike wa aina hiyo hawana mistari, na wanakaribia kufanana na calthella. Ukimkuta jike peke yake na zambarau ya begani huioni vizuri, andika Micropterix basi, jina la jenasi, yaani kundi la aina zilizo karibu kiukoo; usijilazimishe.

Ua la pili ni Alliaria petiolata, mmea mrefu wenye maua madogo meupe ya petali nne unaoota chini ya wigo wa miti. Kuutambua ni rahisi: fikicha jani kwa vidole, litanuka kitunguu saumu. Mwenzake ni Cardamine pratensis, wa majani membamba na maua ya zambarau nyepesi, anayependa nyasi zenye majimaji. Yote mawili ni ya Cauchas rufimitrella, nondo wa rangi ya shaba yenye kijani ndani yake, kichwa chekundu-chekundu na vipapasio virefu kuliko mwili. Jike hutaga kwenye ua, viwavi huanza kwa kula mbegu changa, kisha hushuka chini na kujishonea kifuko cha kuishi ndani yake. Basi ukiung'oa mmea huu mwezi Mei ukidhani ni gugu, umeng'oa na watoto.

Lipo pia ua la bluu, Veronica chamaedrys, dogo na lenye jicho jeupe katikati, linalotambaa kwenye nyasi fupi. Mgeni wake ni Cauchas fibulella, mdogo zaidi, wa shaba, mwenye doa jeupe ukingoni mwa bawa. Huyu anataka subira. Naona afadhali umwache hadi macho yako yazoee wale wa ua la njano.

Mwishoni mwa Mei hamia kwenye Leucanthemum vulgare, ua la petali nyeupe na kitovu cha njano ambalo Waingereza wanalipanda hata kando ya barabara kuu. Kwenye kitovu hicho na kwenye Ranunculus utamkuta Glyphipterix simpliciella, ambaye mabawa yake yaliyotandazwa hayavuki milimita 9. Ukimtazama kwa jicho tupu ni kidoa cheusi. Chini ya lenzi ni shaba iliyopigwa vijialama vya fedha, na ana mazoea ya kuinua na kushusha mabawa akiwa ametulia, kana kwamba anapima kitu. Siku nzuri wanaweza kuwa kumi na zaidi kwenye ua moja. Viwavi wake wanakula mbegu za nyasi ndefu ya Dactylis glomerata, kisha wanatoboa shina na kulala humo wakati wa baridi. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye mashine ya kukata nyasi.

Kama karibu na maua hayo pana Urtica dioica, mmea ule unaowasha ambao ndugu zake wa Kenya Wakikuyu huwaita thabai, tazama pia Anthophila fabriciana. Ni mpana kidogo, wa kahawia yenye vialama vyeupe, na hutembea juu ya jani kwa vihatua vya kukatika-katika. Yeye huzaliwa kwenye thabai na kuja mauani kunywa.

Wapo wasiohitaji ua ili uwaone. Mwishoni mwa Aprili na mwezi Mei, simama mbele ya mwaloni au wigo wa Crataegus, mti mfupi wa miiba, uliopigwa na jua. Ukiona vitu vya kijani vya kumetameta vinapanda na kushuka hewani kwenye ncha za matawi, huku kila kimoja kimebeba nyuzi mbili nyeupe ndefu, hao ni madume wa Adela reaumurella. Nyuzi hizo ni vipapasio, na urefu wake unafika kama mara tatu ya bawa. Wanacheza kundi ili majike waje, na majike wenyewe wana vipapasio vifupi. Ndugu yake Nemophora degeerella, mwenye ukanda wa njano katikati ya bawa, ana virefu zaidi, hadi mara nne ya bawa, na hupenda kivuli chepesi cha pembezoni mwa msitu kuanzia mwisho wa Mei. Majina yao ni ya heshima: Carl Linnaeus aliwaita hivyo mwaka 1758 kwa ajili ya wachunguzi wawili wa wadudu, Réaumur wa Ufaransa na De Geer wa Sweden.

Na asiye na bustani? Weka chungu cha nanaa kwenye dirisha la nje au roshani yenye jua. Nanaa ileile ya chai. Pyrausta aurata, nondo wa zambarau mwenye doa la dhahabu, upana wa mabawa milimita 18 hadi 20, huifuata nanaa na jamii yake mpaka katikati ya miji. Huruka Mei na Juni, kisha kizazi cha pili Julai na Agosti. Viwavi wake hufunga majani machache kwa uzi na kula humo ndani, chai haitapungua.

Hatua ya tatu: kukaribia

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa ni kuinama kwelikweli. Macho yako yawe sawa na ua, si juu yake. Chukua mfuko wa plastiki wa kupigia magoti, nyasi za Mei hukaa na maji hadi mchana. Njoo ukiwa umelielekea jua, ili kivuli chako kianguke nyuma; kivuli kikipita juu ya ua, wengi hudondoka chini ya petali na huwaoni tena.

Usiguse ua mara moja. Tazama kwanza maua yote yaliyo ndani ya mita moja, ukitafuta doa lisilo la hapo: kitu kirefu kuliko stameni, au kitovu chenye kung'aa tofauti. Ukilipata, songea. Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 inatosha, na bei yake ni nafuu. Kosa la wengi ni kuishika karibu na mdudu, mbali na jicho. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha usogeze kichwa na lenzi pamoja mpaka picha ikae sawa. Utakuwa sentimita mbili na nusu hivi kutoka kwenye ua. Ndiyo, karibu hivyo. Calthella atakuvumilia, Adela hatakuvumilia hata kidogo.

Kaa na ua moja dakika tano kabla ya kuhama.

Kama uko kwenye bustani ya umma, watu watakuuliza umepoteza nini. Waonyeshe picha kwenye simu, mara nyingi huwa ndio mwanzo wa mazungumzo mazuri. Kwenye uwanja wa mtu, omba ruhusa kwanza. Na ukitoka kwenye nyasi ndefu, jikague miguu na nyuma ya magoti: kupe wa huku wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme.

Hatua ya nne: hakikisha ni nondo

Maua ya njano ya Mei yamejaa vitu vidogo vyeusi vinavyong'aa. Vingi ni mbawakawa wa chavua, milimita 2 au 3, mviringo na wagumu, wenye vipapasio vifupi vyenye kinundu mwishoni. Nondo ana vipapasio virefu kama nyuzi, na wengi wa hawa wadogo hukunja mabawa juu ya mgongo mithili ya paa la nyumba. Nzi ana mabawa mawili tu ya kioo. Mabawa ya nondo yana magamba laini ya unga, ndiyo yanayotoa ile rangi ya madini. Mdudu akiruka ghafla kwa kudunda, alikuwa kitu kingine.

Swali linaloulizwa kila mara: hawa si ndio wanaokula nguo? Hapana. Anayetoboa sweta ni kiwavi wa Tineola bisselliella, anayeishi gizani kabatini kwenye sufu na manyoya, na hana haja na maua. Nondo wa kwenye Ranunculus akiingia dirishani, mtoe tu nje.

Hatua ya tano: picha

Simu ya kawaida inaweza, ukiongeza lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera. Usikuze kwa vidole kwenye skrini, picha inaharibika. Sogea, na pembezoni mwa picha uzikate baadaye. Piga nyingi mfululizo kwa sababu mkono hutikisika na ua hutikisika. Kiwiko kikiwa ardhini, mambo huwa mepesi.

Zinahitajika picha mbili nzuri: moja ya ubavuni inayoonyesha bawa lote, nyingine ya mbele inayoonyesha kichwa. Rangi ya manyoya ya kichwani ndiyo inayotenganisha aina nyingi za hawa wadogo, na watu huisahau. Piga na ya tatu ya mmea wenyewe pamoja na majani. Kama umesoma hatua ya pili, unajua kwa nini: ua ni nusu ya jibu. Jua kali hufanya mabawa ya shaba yaonekane meupe matupu, basi hapo acha kivuli cha kiganja kidogo kiangukie ua, taratibu, dakika ya mwisho.

Si lazima kumkamata. Ukitaka kumtazama vizuri, kichupa cha plastiki angavu kinatosha: mfunike pamoja na ua, mpe dakika mbili atulie, mtazame, mwachie palepale. Usimshike kwa vidole, magamba hutoka.

Hatua ya sita: kuandika na kutuma

Kumbukumbu yenye maana ina mambo manne: nini, wapi, lini, na nani aliyeona. Ongeza la tano, juu ya ua gani. Tovuti ya iRecord inapokea kumbukumbu za Uingereza, na kwa nondo zinasomwa na wahakiki wa kujitolea wa kila kaunti; shirika la Butterfly Conservation linakusanya takwimu za nondo za nchi nzima. Ukiwa nje ya Uingereza, au ukienda likizo Tanga au Mombasa, tumia iNaturalist, tovuti ya namna hiyo ya dunia nzima.

Programu hizi hukupendekezea jina zenyewe zikishaona picha. Kwa nondo wakubwa hubahatisha vizuri. Kwa wa milimita 5, usizikubalie upesi: linganisha ua, mwezi na rangi ya kichwa, na kama kimoja hakilingani rudi kwenye jina la jenasi. Zipo aina ambazo hata bingwa hazitenganishi bila kumpasua mdudu chini ya hadubini, kwa hiyo kuandika jenasi pekee si aibu. Mhakiki akikurudishia swali, mpe picha asilia, si ile uliyoipaka rangi kwa ajili ya kuwaonyesha rafiki. Mahali paandike kwa usahihi, lakini kama ni nyumbani kwako unaweza kuficha namba ya nyumba na kuacha eneo.

Bustani yenyewe

Wanaotaka nondo hawa warudi mwakani wana kazi ndogo, na nyingi ni ya kutofanya. Acha pembe moja ya nyasi bila kukatwa kuanzia Aprili. Tangu mwaka 2019 shirika la Plantlife limekuwa likihimiza watu wasikate nyasi mwezi Mei, na kwa maua ya Ranunculus huo ni mwezi sahihi. Kwa Glyphipterix mwezi mmoja hautoshi: viwavi wake wamo ndani ya mashina ya Dactylis wakati wa baridi, hivyo acha mashina machache makavu yasimame hadi majira ya kuchipua yanayofuata. Chini ya wigo, usizoe majani yote yaliyooza, maana viwavi vya Adela hujikatia vifuko humo na kuishi humo. Na dawa ya kuulia wadudu usiinyunyize kwenye maua yaliyofunguka.

Ndugu mlioko Marekani na Kanada, tahadhari moja: Alliaria petiolata huko ni mmea vamizi uliotoka Ulaya na unaosonga mimea ya misitu. Msiupande wala kuulea kwa ajili ya nondo. Ung'oeni kabla haujatoa mbegu, mfungie kwenye mfuko.